Tarneit au Footscray: pesa zilezile, maisha mawili

Hapa Melbourne, Australia, haupiti mwezi bila mtu kuniuliza swali hili. Mara ni muuguzi aliyekuja na viza ya kazi na sasa amepata ukazi wa kudumu, mara ni vijana wa maghala ya Truganina waliochoka kulipa kodi. "Dada, tununue wapi? Tarneit au Footscray?" Na karibu wote wanateleza palepale: wanalinganisha nyumba ya Tarneit na nyumba ya Footscray. Wanafungua simu, wanaona ya Tarneit inazunguka dola 650,000, ya Footscray 900,000 na ushei, wanafunga simu na mjadala unaishia hapo.

Lakini mwenye uwezo wa 650,000 hanunui nyumba ya 900,000 popote. Cha kulinganisha ni kile ambacho mfuko wake utampa huku na kile utakachompa kule. Tarneit utampa nyumba ya vyumba vinne, gereji ya magari mawili na kiuga cha kutosha kuanika nguo na kupanda mchicha. Footscray utampa fleti ya vyumba viwili ghorofani, na chenji inabaki. Hapo swali linakuwa gumu kweli, na ndipo ninapotaka tukae.

Niseme mapema nimesimama upande gani, msije mkasema nimewaficha. Nilipanga Footscray miaka sita, kisha tukanunua Tarneit. Mume wangu hajuti hata kidogo. Mimi najuta Jumatatu hadi Ijumaa, kati ya saa kumi na mbili na saa mbili asubuhi.

Nani anaishi wapi

Vitongoji vyote viwili viko magharibi mwa Melbourne, jimbo la Victoria. Footscray iko kilomita 5 hivi kutoka katikati ya jiji, chini ya halmashauri ya Maribyrnong. Tarneit iko kilomita 25, halmashauri ya Wyndham, kwenye uwanda mpana ambao juzi tu ulikuwa mashamba na mawe. Jina la Footscray lililetwa na Waingereza kutoka Foots Cray, kusini mashariki mwa London. Tarneit ni neno la wenyeji wa ardhi hii, Wathaurong, lenye maana ya rangi nyeupe.

Sensa ya 2016 iliikuta Tarneit na watu 34,562. Sensa ya 2021 ikakuta 56,370. Gawanya ongezeko hilo kwa siku: ni watu kumi na wawili kila siku ya Mungu, miaka mitano mfululizo, na katikati ya hiyo miaka mipaka ya nchi ilifungwa kwa sababu ya korona. Footscray mwaka huohuo wa 2021 ilikuwa na watu 17,131. Kwa hiyo anayesema Footscray ni "mjini penye watu wengi" na Tarneit ni "shambani" amechelewa kidogo.

Kote kuwili watu ni vijana kuliko nchi kwa jumla, ambayo umri wake wa kati ulikuwa miaka 38. Ila ujana wao si wa aina moja. Tarneit ni changa kwa sababu imejaa watoto: baba, mama, watoto wawili au watatu, na mara nyingi bibi aliyekuja kutoka Punjab kulea wajukuu. Footscray ni changa kwa sababu ya wanafunzi wa Victoria University, wapenzi wasio na watoto bado, na watu wanaoishi peke yao. Matokeo yake unayaona kwenye majengo. Tarneit karibu kila jengo ni nyumba ya kujitegemea, na wengi waliomo wanalipa mkopo wa benki. Footscray fleti ni nyingi, na zaidi ya nusu ya kaya ni wapangaji.

Kuhusu asili: Tarneit ni India, hasa Punjab, kuliko pengine popote Melbourne. Mtu wa Pwani hapati shida hapo. Unga wa chapati, dengu, bizari, mbaazi, embe mbichi za achari, vyote viko dukani kwa kilo kumi kumi. Jirani yangu mwanamke wa Ludhiana alitusikia siku moja tukisema "gari" na "chapati" akasimama kwenye uzio akauliza tumejifunza wapi lugha yake. Tangu siku hiyo sahani zinapita juu ya uzio, na hairudi tupu hata moja.

Footscray ina tabaka zaidi. Wavietnam walianza kuja baada ya vita kwisha mwaka 1975, wengi wakifikia hosteli ya wahamiaji pale Maribyrnong, na mpaka leo Vietnam ndiyo inayoongoza miongoni mwa nchi za nje walikozaliwa wakazi. Kabla yao walikuwapo Waitaliano, Wagiriki na Wayugoslavia wa viwandani. Baada yao wakaja Waafrika: Wahabeshi, Wasomali, Wasudani. Mtaa wa Nicholson una injera na kahawa ya jebena, na mbele kidogo soko la Footscray lina samaki wabichi, bamia, mihogo na majani ambayo hata jina lake kwa Kiingereza sijui. Kisamvu kilichogandishwa nilikuwa nakipata kwa miguu. Siku hizi nakifuata kwa gari.

Kuna jambo ambalo takwimu hazilisemi wazi. Watoto wa wale Wavietnam na Wahabeshi waliokulia Footscray wengi hawawezi kununua nyumba hapo. Walionunua katika miaka hii kumi na mitano ni watu wa ofisini waliosukumwa na bei za vitongoji vya ndani zaidi, na wao wakawasukuma wengine kuelekea Sunshine, Deer Park, na hatimaye Tarneit. Nusu ya watu ninaokutana nao kwenye maegesho ya kituo cha Tarneit waliwahi kupanga Footscray.

Hesabu kwenye meza moja

Tuchukue mnunuzi wa mara ya kwanza mwenye ukazi wa kudumu au uraia. Tangu tarehe 1 Oktoba 2025 mpango wa serikali kuu wa kianzio cha 5%, yaani pesa unayotanguliza mwenyewe, hauna tena kikomo cha kipato, na kwa Melbourne nyumba inaweza kufika hadi dola 950,000. Serikali inaidhamini sehemu ya mkopo, kwa hiyo benki haikutozi ile bima ya mkopo ambayo zamani ilikula maelfu. Sharti uishi ndani, na usiwe umemiliki nyumba Australia kwa miaka 10 iliyopita.

Nyumba ya Tarneit, dola 650,000. Kianzio 32,500. Ushuru wa stempu wa Victoria kwa mnunuzi wa mara ya kwanza hautozwi kabisa mpaka 600,000, halafu unapanda taratibu hadi 750,000 ambako msamaha unakwisha. Kwa 650,000 unalipa theluthi moja ya ushuru kamili, yaani kama 11,350. Mkopo unaobaki ni 617,500. Nikiweka riba ya 6% kwa miaka 30, ni dola 3,702 kwa mwezi.

Fleti ya Footscray ya vyumba viwili, tuseme 480,000. Kianzio 24,000. Ushuru wa stempu hakuna. Mkopo 456,000, kwa riba ileile ni dola 2,734 kwa mwezi.

Tofauti ni dola 968 kila mwezi, na hapo ndipo watu wanaruka juu wakisema fleti ni rahisi. Subiri. Fleti ina ada ya umoja wa wamiliki, ile inayolipia lifti, bima ya jengo, taa za korido na mtu wa usafi. Jengo lenye lifti na bwawa linaweza kukutoza zaidi ya dola 1,000 kila robo mwaka, na hupangi wewe, inapangwa mkutanoni. Upande wa pili, Tarneit familia yenye watu wawili wanaofanya kazi haiponi na gari moja. Usajili wa gari Victoria ni dola mia tisa na ushei kwa mwaka, ongeza bima, mafuta, matairi. Ukishajumlisha gari la pili, ile 968 inakua badala ya kupungua. Tulipofanya hesabu hii nyumbani kwetu kwa karatasi na kalamu, gari la pili lilikuwa linatula kuliko chekechea.

Lakini ukweli mwingine ni kwamba watoto watatu hawalali kwenye fleti ya vyumba viwili na bibi yao. Hesabu haina safu ya kuandika hilo.

Kama ni nyumba mpya kabisa, Tarneit inaongeza kitu: ruzuku ya dola 10,000 ya Victoria kwa mnunuzi wa kwanza wa nyumba mpya isiyozidi 750,000. Na ukinunua kiwanja kwanza, kisha ukaingia mkataba wa ujenzi mbali, ushuru unaangaliwa kwenye bei ya kiwanja, hivyo mara nyingi unakwepa kabisa. Ndiyo maana vibanda vya maonyesho vya makampuni ya ujenzi hujaa kila Jumapili. Nitarudi kwenye hatari zake.

Kwa ndugu zangu Waislamu wanaoona neno riba wakafunga ukurasa: Melbourne ina taasisi za ufadhili wa nyumba kwa misingi ya sharia, MCCA ikiwa mkongwe wao. Waulize mapema kama huo mpango wa kianzio cha 5% unawahusu, kwa sababu serikali ina orodha yake ya wakopeshaji, na ukikosa mpango huo utahitaji kianzio kikubwa zaidi.

Na riba haikai mahali. Benki Kuu ya Australia iliipeleka riba yake ya msingi, ile ambayo benki huongeza yao juu yake, kutoka 0.10% mwezi Mei 2022 hadi 4.35% Novemba 2023, ikapanda mara 13, halafu 2025 ikashuka mara tatu kufikia 3.60%. Nyumba za Tarneit zilihisi kishindo hicho kuliko za Footscray, kwa kuwa kule ndiko walikojaa wenye mikopo mipya na mikubwa. Nawajua waliochukua zamu za usiku mwaka mzima ili wasiuze.

Treni, yaani maisha yenyewe

Footscray ina reli za Sunbury, Werribee na Williamstown zote zikipita kituo kimoja. Ukikosa treni unasimama dakika chache inakuja nyingine. Tangu handaki la Metro Tunnel lifunguliwe mwisho wa 2025, treni za Sunbury zinapita chini ya jiji na kusimama Parkville, mlangoni mwa Royal Melbourne Hospital na Royal Women's. Kwa muuguzi hilo pekee ni sababu ya kununua fleti. Anatoka zamu ya saa tatu na nusu usiku, na saa nne hivi yuko kitandani.

Tarneit ilipata kituo chake Juni 2015, na treni zinazosimama hapo si zile za umeme za jijini. Ni za dizeli za V/Line, shirika la treni za mikoani, zinazotoka mji wa Geelong. Zinapofika asubuhi zimeshabeba watu wa Geelong na Wyndham Vale, kwa hiyo sisi wa Tarneit tunaingia kusimama. Safari yenyewe ni kama nusu saa, haina ubaya. Tabu ni kufika kituoni. Maegesho hujaa mapema, barabara ya Derrimut inaganda, na mtu anayekaa kilomita tatu kutoka kituoni hutumia muda karibu sawa na wa treni kufika tu hapo. Umeme wa reli umezungumzwa kwa miaka mingi. Usinunue nyumba kwa ahadi ya reli. Nunua kwa reli unayoiona.

Sasa geuza upande. Kama kazi yako iko Truganina au Laverton North, kwenye maghala na viwanda ambako wengi wetu tunafanya kazi, Tarneit uko dakika chache kwa gari na hiyo treni huna habari nayo. Anayeishi Footscray ndiye anayehangaika, kwa sababu zamu ya saa kumi na moja alfajiri haina basi. Kwa hiyo kabla ya kuuliza "wapi pazuri", andika anwani ya kazi yako na ya mwenzako.

Bei zinavyotembea

Hapa watu hawapendi ninachosema. Nyumba ya Tarneit imesimama juu ya ardhi, na wazee wetu walitufundisha ardhi haipotezi. Ni kweli, ila ardhi ya Tarneit bado inatengenezwa. Kila mwaka kuna mtaa mpya unaofunguliwa upande wa magharibi, viwanja vipya, nyumba mpya zenye jiko linalong'aa na ruzuku juu yake. Wewe mwenye nyumba ya miaka kumi unashindana na hizo. Ndiyo maana bei ya hapa hupanda, lakini kwa mwendo wa punda.

Footscray ardhi imekwisha. Vile vijumba vya mbao vya wafanyakazi wa viwandani, upana wa mita sita, vinauzwa kwa bei ya kushangaza kwa sababu havitaongezeka kamwe. Lakini wewe hununui hivyo, unanunua fleti, na fleti zilijengwa nyingi mno kwenye miaka ya 2010, minara juu ya minara. Nyingi kati ya hizo zimeuzwa tena kwa bei ileile zilizonunuliwa, au chini yake. Kwa hiyo jina la Footscray lisikudanganye: kupanda kwa bei ya nyumba za Footscray hakumpi kitu mwenye fleti ya Footscray.

Ikiwa lazima iwe fleti, nitakwambia ninachokiangalia mimi. Jengo dogo la matofali la miaka ya 1960 au 1970, fleti nane au kumi na mbili, halina lifti wala bwawa, ada yake ndogo, na kipande chako cha ardhi ni kikubwa kuliko cha mnara. Angalia ukubwa wa ndani: chini ya mita za mraba 50 benki nyingi zinaanza kukunja uso. Omba kumbukumbu za mikutano ya wamiliki uzisome zote. Mahali penye neno "maji yanavuja" mara tatu kwa mwaka, kimbia.

Tarneit nako kuna kaguzi zake. Udongo wa magharibi ni mfinyanzi mzito unaovimba ukilowa na kusinyaa ukikauka, na msingi usiosanifiwa vizuri hupasua kuta. Tembea na mkaguzi wako ndani ya nyumba, angalia pembe za madirisha na mstari wa dari. Mlango wa chumba usiofungika vizuri kwenye nyumba ya miaka minane una hadithi ya kukusimulia.

Kama unajenga, usilipe kianzio cha ujenzi kabla ya kuona cheti cha bima ya ujenzi chenye jina lako. Machi 2023 kampuni kubwa ya Porter Davis ilianguka huku nyumba zaidi ya 1,500 za Victoria zikiwa hazijakwisha, na mamia ya wateja wakagundua walikwisha lipa lakini bima haikuwahi kukatwa. Serikali ya jimbo ilibidi iingilie kuwafidia. Soma pia masharti ya mtaa: rangi ya paa, aina ya uzio, muda wa kumaliza ujenzi. Na hati ya kiwanja inaweza kuchelewa miezi mingi huku wewe ukiendelea kulipa kodi mahali pengine.

Siku ya kununua

Footscray nyumba nyingi huuzwa kwa mnada Jumamosi, barabarani mbele ya geti, majirani wakinywa kahawa kama wako tamashani. Mnada wangu wa kwanza nilikwenda na imani. Dalali alikuwa ametuambia bei "inaanzia" mahali fulani, nikaenda na idhini ya benki ya bei hiyo na elfu ishirini juu. Dau la kwanza kabisa lililotajwa lilikuwa juu ya mwisho wangu. Nilisimama na kikombe changu mkononi, sikufungua mdomo, na ilipogongwa nyundo ilikuwa imepita zaidi ya dola laki moja. Tangu siku hiyo bei ya dalali naisoma kama bei ya muuza kitenge: ni salamu tu.

Ukumbuke kwamba aliyenunua mnadani hana kurudi nyuma. Kwa mauzo ya kawaida, ambayo ndiyo mengi Tarneit, Victoria inakupa siku tatu za kazi kubadili mawazo, na adhabu yake ni dola 100 au 0.2% ya bei, yoyote iliyo kubwa. Kwa fleti ya 480,000 ni dola 960. Inauma, ila inauma kidogo kuliko nyumba mbovu. Mnadani, na siku tatu za kazi kabla na baada yake, haki hiyo haipo. Kwa hiyo ukaguzi na wakili vitangulie, na wakili asome ile taarifa ya muuzaji ambayo hapa kila mtu anaiita Section 32: mipaka, deni la halmashauri, vizuizi vya mipango miji. Kwa maeneo ya chini karibu na mto Maribyrnong muulize habari ya mafuriko kwa jina. Oktoba 2022 mto ulipanda ukaingia sebuleni mwa watu kwenye kitongoji cha jirani.

Wenye viza za muda mniwie radhi, habari yenu si nzuri. Kuanzia 1 Aprili 2025 hadi 31 Machi 2027 serikali imepiga marufuku wageni, mkiwemo nyinyi, kununua nyumba iliyokwisha kukaliwa. Nyumba mpya inawezekana kwa kibali, lakini Victoria inawatoza ushuru wa ziada wa 8%. Kwenye 650,000 hiyo ni 52,000. Mimi ningepanga nikangoja ukazi.

Anayepanga tu

Cha kushangaza, kodi haifuati bei. Nyumba ya vyumba vinne Tarneit na fleti ya vyumba viwili Footscray zote zinacheza karibu na dola 500 kwa wiki. Kwa mpangaji mwenye watoto Tarneit inampa nafasi mara mbili kwa pesa hiyohiyo. Kwa asiye na watoto wala gari, Footscray, bila kusita.

Waliotoka Dar wamezoea kutoa kodi ya miezi sita au mwaka mkononi. Hapa dhamana kwa kawaida ni mwezi mmoja, inawekwa kwenye mamlaka ya jimbo wala haikai mfukoni mwa mwenye nyumba, na kodi haiwezi kupandishwa zaidi ya mara moja kwa miezi 12. Ila jihadhari na hesabu ya wiki. Dola 500 kwa wiki si 2,000 kwa mwezi. Ni 2,173, kwa sababu mwezi una zaidi ya wiki nne. Nilipohamia nilipungukiwa 173 mwezi wa kwanza na nikadhani nimeibiwa.

Basi ningemwambia nani aende wapi

Muuguzi au mhudumu wa hospitali za jiji, asiye na watoto au mwenye mmoja mdogo: Footscray, fleti ya jengo la zamani, tena karibu na kituo. Hospitali mpya ya Footscray, mradi wa dola bilioni 1.5 mkabala na Victoria University, nayo inahitaji watu.

Familia ya watoto watatu, mmoja kati ya wazazi akifanya kazi magharibi hukohuko: Tarneit, bila kubishana nami. Tafuta mitaa ya zamani kidogo iliyo karibu na kituo, miti imeshakua na shule imeshajengwa. Angalia uko kwenye eneo la shule ipi kabla ya kusaini, maana shule za serikali zinachukua kwa mipaka. Kwa Waislamu kuna Islamic College of Melbourne hapohapo Tarneit, na Hoppers Crossing uko msikiti uliopewa jina la Bikira Mariam, ambao Wakristo wenzetu hupita wakapiga picha ya kibao.

Wazazi wote wawili mjini, watoto wawili? Hawa ndio wananitoa jasho. Hawa huwa nawapeleka Sunshine, katikati ya njia. Nayo imepata treni za handaki, nyumba zake za ghorofa mbili zilizobanana bado zinagusika kwa bei, na treni ya uwanja wa ndege imepangwa kupita hapo. Ni mji wa kiwanda cha mashine za kuvunia cha McKay, ambacho mwaka 1907 kilimfanya jaji Higgins aamue kwamba mshahara wa kibarua lazima umtoshe yeye, mke na watoto watatu. Shilingi saba kwa siku. Leo shilingi saba za jaji zingehitaji wanaume wawili na zamu ya Jumapili.

Kabla hujasaini popote, fanya kama nilivyomfanyia shemeji yangu. Nilimchukua Jumanne, tukasimama kituo cha Tarneit saa moja kasoro asubuhi, nikamwambia tafuta pa kuegesha gari. Ijumaa nikampeleka Footscray saa nne usiku, tukatembea kutoka kituoni mpaka mlango wa ile fleti aliyoipenda kwenye picha. Alinunua Tarneit. Dada yake hajamsamehe.

Mwenye karatasi za Section 32 zinazomtatiza aje nazo. Jumamosi kabla ya saa nne asubuhi nipo soko la Footscray, upande wa samaki.